Kamera ya Pili, Upande wa Wanawake

Habari ya kifo cha Kakule ilinikuta jikoni, hapa Beni, Jumanne asubuhi, nikichambua maharagi kwenye ungo. Mwamini, rafiki yangu wa tangu shule, alipiga simu kutoka Butembo, akaanza kuniuliza kama mvua imenyesha kwetu, kama watoto wameenda shule, kama njia ni salama wiki hii. Nilijua kuna neno limejificha nyuma ya maswali hayo. "Zaina," akasema mwishoni, "unakumbuka Kakule, ule wa foto pale Kimemi? Alikufa juzi. Ni figo. Balimupeleka hospitali, ikakuwa vile." Nilisema Inna lillahi, nikamshukuru kwa kunijulisha, nikarudia maharagi yangu. Nilitoa mawe yote, nikaosha maharagi, nikayabandika motoni. Mume wangu aliporudi kula nilimwambia kwamba fundi wa picha niliyefanya naye kazi zamani amekufa. Akasema pole, akauliza chumvi iko wapi. Hakukosea. Sikuwahi kumwambia zaidi ya hayo, na mtu hawezi kukupa pole kubwa kuliko msiba uliomwonyesha. Nilimpa chumvi. Kisha nilikaa kwenye kigoda mpaka moto ukafa, na mwaka ule wa kazi yetu ukaanza kurudi, chumba kwa chumba.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nikikaa kwa Mjomba Sefu huko Butembo. Studio ya Kakule ilikuwa chumba kimoja cha mbao katika mtaa wa Kimemi, kando ya muuza vipuri vya pikipiki. Ndani kulikuwa na kiti cha plastiki, turubai lililochorwa maporomoko ya maji, kompyuta iliyonguruma kila ilipowashwa, na mbabula, jiko la makaa tulilolisogeza miguuni, maana ukungu wa asubuhi ulipenya kati ya mbao. Betri tulizichaji kwa jirani mwenye jenereta. Kamera ilikuwa moja, ya dijitali, ile ya kioo ndani na objektifu, yaani lenzi, ya kufungua, naye Kakule aliinunua ikiwa imetumika kwa mtu wa Kampala. Aliifuta kila jioni kwa brashi ya kunyolea. Alikuwa Mkatoliki, mtu wa kwaya, na Waislamu wa Butembo na Beni waliipenda kazi yake. Ila hakuna baba aliyeweza kumruhusu aingie chumba cha wanawake siku ya harusi, mahali ambapo wanawake wamevua mitandio na wanacheza. Ndiyo sababu alinitafuta mimi. Nilikuwa nimekuja tu kupiga picha ya paspoti. Aliniuliza kama mkono wangu unatetemeka nikishika kitu kizito. Nikasema hapana. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Kamera moja kwa watu wawili, hivyo ndivyo tulivyofanya. Mlango wa chumba cha wanawake huwa na pazia. Kakule alimaliza upande wa wanaume, akaja kukohoa nje ya pazia, nami nikatoa mkono. Kamera ilitua mkononi mwangu ikiwa ingali na joto la mikono yake. "Ndani ni giza, nimeisha kuongeza mwangaza," alizoea kusema. "Flash usiipige kwa sura ya batu, ipige juu kwa plafond, kwa dari." Tulikuwa na kadi mbili za picha. Yangu niliitia tone la rangi nyekundu ya kucha, na kabla ya kumrudishia kamera niliitoa, kwa kuwa picha za ndani hazikuwa za macho yake. Siku moja nilisahau. Nilikumbuka amekwisha kwenda nayo msikitini, nikakaa nimeshika kifua. Aliporudi alipitisha mkono chini ya pazia: kadi yangu ilikuwa imefungwa ndani ya leso yake, imekazwa mafundo mawili. "Niliona rangi," akasema. "Sikuangalia." Sikuwa na njia ya kuhakikisha, wala sikuitafuta.

Vyumba vile ninavikumbuka kuliko nyumba nilizoishi. Udi, mafuta ya nywele, mabibi wamenyoosha miguu mikekani, vikombe vya chai ya tangawizi vimepangwa dirishani, na sinia la pilau ambalo kila mtu anakusukumia mnofu kwa sababu umesimama kutwa nzima. Upande wa pili wa pazia nilisikia wanaume wakiongea habari za malori na bei ya kakao, na katikati ya sauti hizo nilijifunza kuitambua moja iliyoongea kidogo. "Dada Zaina, umekula?" "Nimekula." "Unadanganya." Kisha kipande cha nyama kilichofungwa kwenye jani la mgomba kilipita chini ya pazia. Ni hayo tu. Mwaka mzima, na hata mkono wake sikuwahi kuushika bila kamera kuwa katikati. Nilipokuwa msichana niliona aibu kwamba mambo yetu yalikuwa madogo hivyo. Sasa naona yalijaa pale yalipowekwa, na hayakuwa na pengine pa kwenda.

Yaliharibika kwa sababu ya harusi moja ya Beni. Ndoa ilikuwa inafungwa kwa wanaume, na saa hiyo hiyo, ndani, nyanya wa bibi harusi aliletwa akishikwa kwapa huku na huku. Alikuwa mgonjwa sana. Aliketishwa, akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, akaanza kumwombea. Mimi nilisimama mikono mitupu. "Picha iko wapi?" akauliza nyanya yule. Tukamwambia inakuja. Alingoja mkono ukiwa pale pale kichwani, mpaka ukaanza kutetemeka, wakamrudisha kitandani. Kakule alipokohoa nje ya pazia, nyanya alikuwa amelala. Baada ya wiki mbili akafariki.

Mama wa bibi harusi alikuja Butembo mpaka nyumbani kwetu. Nilikuwa uani nafua, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Alilia kwanza juu ya ile picha iliyokosekana, na kilio chake kilikuwa cha haki. Kisha akashusha sauti akimwambia mke wa mjomba: "Kamera moja, batu babili. Inatoka kwa mukono ya kijana, inaingia kwa mukono ya binti, muchana muzima. Mama, unafikiri pale kwa pazia banapeana kamera tu?" Nilisikia mke wa mjomba akiweka kikombe chini. Nikaendelea kusugua shati lile lile mpaka kifungo kikang'oka.

Mjomba Sefu hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na lori aina ya Fuso lililobeba vitunguu na viazi vya Lubero kwenda Beni, na alizoea kutatua mambo kama anavyotatua mzigo ulioegemea upande mmoja. Jioni ile, tukiwa kwenye ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, alisema bila kunitazama: "Sitakutoa kwa kazi juu ya midomo ya batu. Mais lakini kila mutu akuwe na kamera yake. Kuko mutu wa Goma kule Beni, alikuwa anapigia shirika moja picha, kazi yake imeisha, anauzisha kamera moja. Tutaenda na ule fundi wako, aiangalie. Mimi najua magari, kamera sijue." Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Tonge lilikaa mdomoni likakataa kushuka. Kumbe mtu anaweza kufanyiwa wema mbele ya sahani yake na akashindwa kumeza.

Tulishuka Beni Alhamisi. Mimi nilikaa mbele na mjomba. Kakule alipanda juu ya magunia ya viazi, amefunga koti mpaka shingoni, na tulipofika alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Yule mtu wa Goma alitupokea kwenye nyumba ya wageni, katika chumba chenye kitanda kimoja na masanduku yaliyokwisha kufungwa. Aliweka kamera juu ya meza, juu ya taulo. Ilikuwa ndugu wa ile yetu, mpya kidogo kuliko yetu, mpira wa mahali pa kushikia umeanza kubanduka. Kakule aliomba maji, akanawa mikono, akaifuta kwa shati lake la ndani. Kisha akaanza. Alifungua nyumba ya betri akachungulia kama kuna kutu. Alikitazama kioo cha ndani kwa tochi. Alifyatua mara nyingi, haraka na polepole, sikio karibu, jinsi mjomba anavyosikiliza injini. Akatoa objektifu kwenye kamera yake, akaifunga kwenye hii, akapiga ukuta mweupe na kuikuza picha akitafuta madoa ya vumbi. Akaomba laptop ya yule bwana wahesabu imekwisha kufyatua mara ngapi. Yote yalichukua kama saa nzima. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikimwomba Mungu jambo ambalo sikuthubutu kulitaja hata moyoni: aseme ni mbovu. Neno moja. Hakuna mwingine chumbani ambaye angejua.

"Bon, fundi," mjomba akasema. "Iko muzuri ao iko mubaya?"

Kakule hakunitazama. Aliiweka kamera chini juu ya taulo.

"Iko muzuri, Mzee. Imefanya kazi, mais iko muzuri. Itadumu."

"Na jicho yake?"

"Objektifu hapana," akasema yule mtu wa Goma. "Nauzisha boîtier tu, mwili yake. Objektifu zangu narudia nazo Goma."

Nakumbuka jinsi pumzi ilivyonirudia. Kamera isiyo na objektifu ni chuma tu; tungeendelea kukutana kwenye pazia lile lile, angalau kubadilishana hilo jicho. Mjomba alikwisha anza kuinuka. Ndipo Kakule akainama kwenye mkoba wake, akatoa soksi ya mtoto, na ndani ya soksi objektifu yake ndogo, ile aliyoipenda, ya kupigia sura za watu. Akaizungusha kwenye kamera mpaka ikalia tik.

"Hii itakuwa ya Zaina," akasema. "Mimi nitabakia na ile kubwa."

Kesho yake, studioni, nilimngoja mteja atoke nikamwuliza kwa nini hakusema ni mbovu.

"Haikuwa mubovu."

"Ungeweza kusema."

"Kudanganya mujomba yako?" Alikuwa anapuliza makaa, na majivu yalimrukia usoni. "Zaina, siku moja nitaenda kwa ule mzee na maneno ingine, hapana ya kamera. Nataka siku ile akumbuke sikumudanganya."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na maneno yote niliyoyapanga usiku yakakosa kazi. Nikachukua kikombe, nikanywa chai yake badala ya yangu. Kama mwaka ule ulikuwa na furaha, ilikaa pale: katika chumba cha mbao, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mpaka mteja mwingine alipobisha.

Tukawa na kamera mbili. Kakule alinifundisha kwamba kamera mbili zinazofanya harusi moja lazima zioneshe saa ile ile, la sivyo picha zikichanganywa bibi harusi anatoka nyumbani kabla hajavaa. Basi kila asubuhi ya kazi tulisimama mlangoni, kila mmoja kidole juu ya kitufe, naye akihesabu: "Moja, mbili, sasa." Halafu yeye alikwenda kwa wanaume, mimi kwa wanawake, na hatukuonana mpaka jioni. Kazi yetu ilikuwa bora kuliko wakati wowote. Hakuna mkono wa nyanya tuliokosa tena. Familia zilitusifu, na hakuna aliyekohoa nje ya pazia langu. Mimi ndiye niliyepanga picha zote kwenye kompyuta, yeye akingoja nje kwenye benchi kwa ajili ya zile za ndani. Niliona dakika zake na zangu zikifuatana kwenye kioo: saa tisa na dakika kumi, bwana harusi anapeana mkono na walii, saa tisa na dakika kumi, mama anafuta macho kwa kanga. Niliwaza kwamba watu wakizitazama albamu hizi watadhani tulikuwa chumba kimoja.

Maneno ya kunioa Kakule aliyaanza kwa mama yake. Mimi sikujua ni siku gani angesema, na nilifika nyumbani kwao nimebeba picha za komunyo ya kwanza ambazo mama alikuwa ameahidi kuzipeleka parokiani. Mama yule alinipenda. Aliniita mutoto yangu, na hakuniacha niondoke bila kula. Niliketi katika chumba chenye mashine ya kushona na Bikira Maria wa plasta, nikasikia sauti yake jikoni, kwa Kinande. Wanande wa Butembo hudhani sisi Waislamu hatukisikii, ingawa tumezaliwa pamoja. Alisema: "Uniache nife kwanza. Nikiisha kufa, uende ukasali kule unataka. Sitakuzuia nikiwa chini ya udongo." Hakusema kwa hasira. Kakule alimjibu kitu kifupi nisichokipata. Kisha pazia la jikoni likafunguka na mama akatoka na sahani ya ndizi na maharagi, macho yake mekundu, akaniwekea mbele kwa mikono miwili. "Kula, mutoto yangu," akasema. Nilikula zote. Kakule hakutoka jikoni.

Hata hivyo alikwenda kwa mjomba. Alikwenda peke yake, amevaa koti la kwaya, nami niliambiwa nikae chumbani na mke wa mjomba, ambaye alinishika kifundo cha mkono muda wote. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwamba anajua yeye ni mtu wa kweli, na kwamba njia ni moja: asilimu kwanza, kwa moyo, halafu arudi. Alipoingia kutueleza alionekana amechoka. "Ule kijana ni mukweli," akasema. "Mais ukweli peke yake hauoi." Sikumchukia mjomba wala yule mama. Nimejaribu miaka mingi kumpata mtu wa kumchukia katika hadithi hii na sijampata, na hilo halikunipunguzia kitu. Mwenye adui ana pa kutupa uchungu wake.

Mwaka ule ule mashamba ya kandokando ya Beni yalianza kuwa mahali pa kufia. Watu waliingia mjini wakiwa na godoro kichwani na habari ambazo hatukuzimaliza kuzisikiliza. Harusi ziliahirishwa, au zilifungwa asubuhi na kuisha kabla ya saa nane, pilau ikiliwa kwa haraka, watu wamesimama. Katika ile ya mwisho tuliyofanya pamoja, milio ya risasi ilisikika upande wa milimani, bibi harusi akavuliwa vito akavalishwa sweta juu ya gauni, na nyumba ikabaki na masinia yaliyojaa. Nilipotoka nilimkuta Kakule amesimama mlangoni na kamera yake, hajapiga hata moja. Tulirudi Butembo katika magari tofauti.

Mama yake alianguka mwezi uliofuata, upande mmoja wa mwili ukafa. Ndugu wa huyo mama alikuwa na duka Kanyabayonga, mji wa upande wa kusini, na akaomba aletwe huko, kwa kuwa kulikuwa na wasichana wa kumwogesha. Kakule alimpeleka. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Baada ya mwezi alirudi siku moja tu, kulipa nyumba na kutoa turubai lake. Nilimsaidia kulikunja. Tulishika ncha, tukakutana katikati kama wanawake wanavyokunja shuka, tukatengana, tukakutana tena, mpaka likawa dogo. "Akifa nitakuwa nimemuua," akasema. "Akipona, sitaweza kumuacha. Unisamehe, Zaina." Nilimwambia hakuna kosa. Nikataka kumrudishia ile objektifu ndogo. Alikataa kwa kichwa, akapakia pikipiki, akaenda. Mama yule aliishi miaka sita tena. Nilisikia Kakule ameoa huko Kanyabayonga, na baadaye kwamba vita vya kule vimewarudisha Butembo, na kwamba amefungua studio nyingine, barabara ileile. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa Beni. Niliendelea na kazi ya upande wa wanawake kwa miaka mingine minne, mpaka siku moja kamera ikagoma katikati ya harusi. Fundi aliifungua, akasema shata, kile kipande cha kufyatulia, imekatika na kipuri hakipatikani. Hatukuonana tena, Kakule na mimi, kwa miaka yote hiyo, ingawa kati yetu kulikuwa na mwendo wa saa mbili tu njia ikiwa nzuri.

Ijumaa nilipanda gari kwenda Butembo. Nilimwambia mume wangu naenda kilio, akanipa rambirambi nimpelekee mjane. Chini ya maturubai kulikuwa na mabenchi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mjane wake anaitwa Kavira, mwanamke mnene kidogo mwenye uso mzuri uliovimba kwa kulia. Nilipiga magoti nikampa mkono. Alinitazama mtandio.

"Pole ya njia, mama. Tulikuwa tunajuana?"

"Hapana. Nilifanya kazi na marehemu zamani, hapa hapa Kimemi. Harusi za Waislamu. Yeye kwa wanaume, mimi kwa wanawake."

Aliwaza. Nilimwona akitafuta kwa dhati, akipitia miaka yao yote kwa heshima yangu. "Alipenda kusimulia kazi yake," akasema polepole. "Ule mutu wa Kampala alimuuzisha kamera, alinieleza. Baharusi bote ba kule Beni, alinieleza, na vile balikimbia masasi ya bunduki. Mais wewe, mama, unisamehe. Hakuna siku alikutaja."

Alisema bila ubaya wowote. Nikasema haidhuru, ilikuwa mwaka mmoja tu. Akaagiza niletewe chakula, bukari na samaki na sombe, akavuta kigoda akaketi karibu nami ili nisile peke yangu. Magari ya Beni yalikuwa yanakaribia kuondoka. Ukiyakosa hayo unalala Butembo. Nilikula polepole. Alipoona sahani imekwisha, aliniuliza kama niongezewe. Nikamwambia ndiyo.